Kitabu kipya cha kisomi kimetoka, uangalie nini kabla hujatoa hela?

Mwaka 2025 vimetoka vitabu viwili vizito kuhusu Idi Amin na hapa maktaba watu wanauliza kipi ndo cha ukweli. Jamani, swali lenyewe halijakaa sawa. Slow Poison ya Mahmood Mamdani imetolewa na Harvard, A Popular History of Idi Amin's Uganda ya Derek Peterson imetolewa na Yale, wote hao ni wachapishaji wa vyuo vikuu, na huko muswada hauendi mtamboni mpaka usomwe na wasomi wengine wa fani ileile, wanaukosoa, mwandishi anarekebisha au anajitetea. Haina maana kila mstari ni kweli, ina maana tu kuna watu walishajaribu kuubomoa kabla yako.

Sasa we usikimbilie sura ya kwanza. Anza na shukrani halafu ruka mpaka kule nyuma kwenye maelezo ya vyanzo, hapo ndo utajua mtu kachota wapi. Peterson ni mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwa miaka mingi ameshirikiana na wenzetu wa Fort Portal, Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kupanga mafaili ya zamani ya wilaya ya Kabarole, ndo maana kitabu chake kimejaa makarani na watu wa kawaida waliobeba kazi za serikali wakati ule, sio Amin peke yake na medali zake. Mamdani ni mtoto wa Kampala, alifukuzwa nchini na Amin 1972 pamoja na Wahindi wengine, akarudi, akaja kuongoza MISR, taasisi ya utafiti wa jamii pale Chuo Kikuu cha Makerere, kuanzia 2010 hadi 2022, na yeye anawapima Amin na Museveni kwenye kitabu kimoja, kitu ambacho wapo watakaokasirika hata kabla hawajakifungua. Mi naona visomwe pamoja, kwa sababu mmoja yuko na makaratasi ya ofisini na mwingine mambo mengine aliyaishi.

Tuje kwenye hela, maana hapo ndo wanafunzi wanaishia kutoa fotokopi Wandegeya, mtaa ulio jirani na Makerere. Vitabu vya kisomi mara nyingi vinatoka kwanza na jalada gumu, bei imelenga maktaba za Ulaya na Marekani, la karatasi laini linakuja baadaye. Kabla hujakata tamaa uliza kama kuna toleo la huku. Kwa miaka mingi James Currey wa Uingereza alikuwa akitoa vitabu pamoja na Fountain wa Kampala, EAEP (East African Educational Publishers) wa Nairobi na Ohio University Press, kitabu kimoja majina manne kwenye ukurasa mmoja, na cha Kampala kilikuwa kinanunulika. Geuza ukurasa wa haki za uchapishaji uangalie ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ikianza na 978-9970 ujue imetolewa na mchapishaji wa Uganda.

Na ukitaka tukuagizie, usije na picha ya jalada tu kwenye WhatsApp. Lete jina la mwandishi, mwaka na hiyo ISBN, kwa sababu jalada gumu lina namba yake, jalada laini lina yake, e-buku nayo yake, na bei zake hazifanani hata kidogo.