Umefungua injini ya pikipiki nyumbani, umeweka ringi mpya, na moshi umerudi tena

Mwezi wa tisa kijana mmoja wa Isyesye hapa Mbeya aliniletea pikipiki yake, CG ya sisi (cc) 125, akaniambia kaka hii ni mara ya tatu nabadili pistoni na ringi ndani ya miezi mitano, zote nimefunga mwenyewe uani kwangu, ila ikifika wiki ya tatu inaanza kula oili na moshi wa bluu unarudi palepale. Alikuwa na zile pistoni za zamani kwenye mfuko. Nikashika ya kwanza nikaigeuza kwenye jua, nikaona mistari ya wima, myembamba, mingi, kama imesuguliwa na brashi ya waya kuizunguka yote, ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo.

Hiyo mistari ni mchanga jamani. Pistoni iliyokwama kwa joto au kwa kukosa oili inakuwa na mabaka, alumini imejipaka ukutani na imechubuka upande fulani zaidi, lakini mistari myembamba ya kuzunguka pande zote ni chenga ngumu zilizopita kati ya ringi, zile pete za pistoni, na silinda. Sasa usipojua chenga zimeingilia wapi utanunua ringi mpaka uchoke.

Njia ya kwanza ambayo watu wengi hawaifikirii ni kwa fundi wa kuchonga, yule anayepanua silinda iliyoliwa. Akishachonga silinda anapitisha mawe ya msasa ndani ili ukuta ubaki na michoro ya kupishana inayoshika oili, na unga wa mawe na wa chuma unabaki umejibana humohumo kwenye michoro. Wewe unafika nyumbani unaosha na petroli, inang'aa, unafunga. Petroli inatoa mafuta tu, ule unga haung'oki! Osha kwa maji ya moto na sabuni na brashi, sugua kwelikweli, halafu futa ndani na kitambaa cheupe, kikitoka na rangi ya kijivu rudia, mimi huwa naosha hata mara tano na siachi mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ukishakausha paka oili hapohapo maana chuma kitupu kinashika kutu haraka, na kwa ukungu wa asubuhi wa huku kwetu ndo kabisa.

Ya pili ndiyo iliyomtesa huyu kijana. Filta alikuwa nayo mpya, ila ule mpira unaotoka kwenye eyaklina, lile boksi la filta ya hewa, kwenda kwenye kabureta ulikuwa na ufa kwa chini, wa urefu wa kucha, huuoni mpaka uukunje kwa mkono. Injini inavuta hewa pale penye urahisi, kwa hiyo vumbi lote la kiangazi la barabara za mitaani lilikuwa linapita hapo bila kugusa filta. Kama una wasiwasi na wako, paka grisi nyembamba kwa ndani ya mdomo wa mpira karibu na kabureta, tembea siku mbili, fungua upitishe kidole. Ukihisi mchanga kwenye grisi usiendelee kuendesha.

Halafu kuna silinda yenyewe. Mara ya kwanza alichongesha, mara mbili zilizofuata akaweka pistoni ya saizi ileile kwenye silinda iliyoshakwanguliwa, na ringi mpya haiwezi kuziba ukuta ulioliwa. Kipimo cha nyumbani kipo: chukua ringi ya juu bila pistoni, iingize kwenye silinda, isukume na kichwa cha pistoni ili ilale sawa, pima mwanya wa ncha zake na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ringi ikiwa juu, katikati na chini ya silinda. Silinda ikipanuka milimita 0.1 mwanya unaongezeka kama 0.3, kwa hiyo tofauti ndogo utaiona vizuri tu. Ikitofautiana, nunua pistoni ya ovasaizi, yaani iliyozidi ya kawaida kwa milimita 0.25 au 0.50, na umpelekee fundi silinda pamoja na hiyo pistoni aipime kwanza ndo achonge, usimpelekee silinda peke yake.

Na kuna jambo la huku juu. Mbeya tupo kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni pungufu karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa kwa ajili ya Dar huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi inakuwa nyeusi, na petroli inayozidi inaosha oili kwenye ukuta wa silinda wakati ringi ndo kwanza zinatafuta kukaa. Huyu alikuwa ameweka na jeti kubwa zaidi, kile kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, eti aliambiwa injini mpya inataka petroli nyingi. Sio kweli, rudisha. Choki nayo inazidisha petroli, mwezi wa sita na wa saba kuna baridi kweli, lakini injini ikishatulia zima choki. Na ule mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea injini ikipata moto ni maji tu, usifungue injini kwa ajili ya huo.



Tukachonga kwenda 0.50, tukaosha, tukabadili mpira na klempu zake, tukarudisha jeti ndogo. Nikamwambia asiiache inaunguruma imesimama, aiendeshe akipandisha na kushusha gesi bila kuikaba sana, na kilomita 500 za kwanza zikiisha amwage oili. Kisha aende Chunya. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko mrefu wa Kawetere aachie gesi kabisa, akifika chini aifungue ghafla huku anaangalia kioo, moshi ukitoka hapo ni sili za valvu, ukitoka wakati wa kupanda na mzigo ni ringi. Alinipigia jioni akiwa bado amevaa helmeti, akasema kaka, kupanda hamna, kushuka hamna.