Shilingi ya Kenya na ya Tanzania: yanayosadikiwa kuhusu viwango vya zamani, na yaliyokuwa

Wapo wanaoamini kwamba shilingi ya Kenya ilizaliwa ikiwa na thamani kubwa kuliko ya Tanzania. Haikuwa hivyo. Zote mbili zilitoka tumbo moja, yaani shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika mwaka 1921 chini ya Bodi ya Sarafu, na zilipotengana mwaka 1966, ya Tanzania mwezi Juni na ya Kenya mwezi Septemba, kila moja ilichukua nafasi ya ile ya zamani kwa shilingi moja kwa shilingi moja. Pauni ya Uingereza ilikuwa shilingi 20 katika nchi zote mbili, na dola ya Marekani shilingi 7.14.

Kutokana na uhusiano huo wa asili na pauni, husemwa pia kwamba sarafu hizi ziliifuata pauni kila ilikokwenda. Novemba 1967 Uingereza ilipoishusha pauni kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40, Kenya na Tanzania hazikuifuata: dola ilibaki shilingi 7.14, na pauni ndiyo iliyoteremka hadi kama shilingi 17.14.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba shilingi ya Tanzania ilianza kuporomoka mbele ya mwenzake mara tu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na kwamba tangu hapo haijainuka. Anayefungua jedwali la viwango rasmi kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa sababu mwishoni mwa 1981 dola ilikuwa kama shilingi 10 za Kenya lakini kama shilingi 8 tu za Tanzania. Kwa maandishi, basi, shilingi ya Tanzania ndiyo iliyokuwa juu. Kenya ilikuwa imeshusha thamani ya sarafu yake mwaka huo, ilhali Tanzania ilisita kwa muda mrefu. Hata mwishoni mwa 1985 sarafu hizo zilikuwa karibu sawa, kila moja ikiwa na zaidi kidogo ya 16 kwa dola.

Hapa ndipo msomaji anapohitaji tahadhari, kwani namba hizo ni za kweli kama maandishi ya serikali, lakini si bei ambayo mtu wa kawaida aliipata. Mpaka wa nchi hizi ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983, na kwa miaka yote hiyo jedwali linaendelea kutupa kiwango, kana kwamba pale Namanga watu walikuwa wakibadilishana fedha kwa utulivu. Ndani ya Tanzania fedha za kigeni zilikuwa adimu na zilitolewa kwa kibali, na aliyekosa kibali alikwenda kwa walanguzi, ambako kufikia katikati ya miaka ya 1980 dola iliuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya benki. Binafsi naona viwango rasmi vya kipindi hicho vinatueleza zaidi msimamo wa serikali kuliko nguvu ya sarafu.

Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 ndiyo yaliyoiangusha shilingi ya Tanzania kwa mkupuo. Ni kweli kwamba dola ilipanda kutoka kama shilingi 17 hadi 40 kufikia katikati ya mwaka huo, na kwamba bei za bidhaa za nje ziliwaumiza watu. Lakini sehemu kubwa ya anguko lenyewe ilikuwa imekwisha kutokea mitaani, na benki ilikuwa inalifuata kwa nyuma.

Dhana nyingine ni kwamba kiwango cha shilingi hizi mbili huamuliwa kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Kwa kawaida hupatikana kwa kugawanya: shilingi za Tanzania kwa dola moja, kugawanya kwa shilingi za Kenya kwa dola hiyohiyo. Matokeo yake ni kwamba sarafu moja inaweza kutulia kabisa na kiwango kikayumba. Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160 za Kenya na ilikuwa zaidi kidogo ya 2,500 za Tanzania, kwa hiyo shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 16 za Tanzania. Februari Kenya iliuza hati mpya za mkopo za dola bilioni 1.5 ili kupunguza deni lililokuwa likiiva mwezi Juni, hofu ya wawekezaji ikapungua, na kufikia Aprili shilingi hiyohiyo ilikuwa ikikaribia 20. Mfanyabiashara wa Arusha anayeagiza bidhaa kutoka Kenya aliona gharama ikipanda kwa takriban robo, ingawa upande wa Tanzania dola ilikuwa imesogea kidogo tu.

Wala mwendo haujawa wa upande mmoja. Mwaka 1993, Kenya ilipokuwa ikiiachia sarafu yake soko, dola ilipanda kutoka kama shilingi 36 hadi 68, na shilingi ya Kenya ikateremka kutoka kama 9 za Tanzania hadi kama 7. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imevuka 11. Jedwali linaloonyesha wastani wa mwaka huficha mengi ya hayo: wastani wa 1993 kwa Kenya ni kama shilingi 58 kwa dola, bei ambayo aliyebadilisha fedha Januari, na hata aliyebadilisha Desemba, hakuiona.