Venus hazaliwi pale jamani, anafika

Wiki hii tena. Mtu kanitumia WhatsApp ile picha ya Botticelli, mchoraji wa Italia, ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, kasimama juu ya kombe (iko jumba la makumbusho la Uffizi, Florence), na chini kaandika "Venus anazaliwa ndani ya chaza kama lulu, malaika wanampepea". Nafundisha kusoma picha za kale, na hii kitu nishaisikia mpaka meno yananiuma.

Haraka haraka: wenye mabawa si malaika, ni pepo, yaani upepo uliochorwa kama watu. Yule mwanaume ni Zephyr, upepo wa magharibi. Na lile ni kombe, si chaza, lulu hakuna.

Sasa la kuzaliwa. Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa kale, anasema mungu Cronos alimkata baba yake sehemu za siri kwa mundu, akazitupa baharini, povu likajaa na humo ndo akatokea Venus, yaani Aphrodite wa Wagiriki. Kombe hata hakulitaja. Huko ndo kuzaliwa, na ndo kitu ambacho Botticelli HAJACHORA. Mundu uko wapi? Angalia kinachotokea pale: mashavu ya Zephyr yamevimba, nywele za Venus zinapeperukia kulia, kombe linasukumwa kama ngalawa iliyopata upepo wa tezi, na ufukweni Hora, mungu wa kike wa majira, kashanyoosha vazi la maua anamuwahi amsitiri. Ndugu yangu, huyo ni mgeni anapokelewa. Kichanga gani ana nywele za kufika mapajani?

"Lakini picha inaitwa Kuzaliwa kwa Venus!" Najua. Jina hilo si la Botticelli. Alichora miaka ya 1480, halafu Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji, katikati ya karne ya 16 akaandika kwamba ni Venus anayezaliwa na pepo zinamleta nchi kavu (ona, hata yeye kasema zinamleta!) pamoja na vikupido, vile vitoto vya mapenzi vyenye mabawa. Haya, nionyesheni hivyo vikupido. Havipo hata kimoja, na huyo ndo shahidi mnayemtegemea.

Mimi nami siko safi. Yule mwanamke aliyemkumbatia Zephyr, zamani nilikuwa nawaambia wanafunzi ni Chloris, mke wa Zephyr, siku hizi nasema Aura, upepo mwanana, na mwakani sijui nitasema nani, wataalamu wenyewe wamegawanyika. Na ile habari ya falsafa ya Plato, kwamba Venus ni uzuri wa kiroho, niliifundisha kifua mbele miaka mingi wakati hakuna mkataba wala barua ya aliyeagiza picha iliyopatikana. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia tajiri alitaka tu kitu kizuri ukutani, turubai ya karibu mita 2.8 kwa upana si mchezo.

Ila jaribu kusimama kama yeye, uzito wote mguu wa kushoto, bega limeporomoka hivyo. Utaanguka. Wengi wanasema Botticelli alikosea mwili, mimi naona mtu aliye bado chomboni, hajakanyaga mchanga.