Katalogi rezone ni nini?

Mchoraji Mjerumani Gerhard Richter, mzaliwa wa Dresden mwaka 1932, ana picha chungu nzima zenye jina moja: Abstraktes Bild, yaani "picha dhahania". Ukitaja jina hilo peke yake, ni kama umeingia sokoni ukamwulizia Juma. Ndiyo maana wanaozijua huongeza namba. Ile ya 599, ya mwaka 1986, iliuzwa mnadani London mwaka 2015 kwa zaidi ya pauni milioni 30. Ya 809-4 ni nyingine kabisa: ilikuwa ya mwanamuziki Eric Clapton, ikauzwa London mwaka 2012.

Namba hizo hutoka kwenye katalogi rezone, jina la Kifaransa la daftari kamili la kazi za msanii mmoja. Humo kila picha ina mwaka wake, vipimo vyake, imechorwa kwa rangi gani, imepita mikononi mwa nani na imeonyeshwa wapi. Usiichanganye na kitabu cha maonyesho, ambacho hujichagulia picha za kupendeza na kuzisindikiza kwa insha. Katalogi haichagui. Nzuri na mbovu zote zimo.

Au ndivyo inavyotakiwa. Mara nyingi kazi hii huwaangukia watafiti baada ya msanii kufariki. Baadaye hata ya Richter ilikuja kuhaririwa na mwanahistoria wa sanaa Dietmar Elger, mabuku mazito kwelikweli. Lakini kuhesabu alianza Richter mwenyewe. Namba 1 aliipa Tisch, ya mwaka 1962: meza nyeupe aliyoinakili kutoka picha ya gazetini, kisha akaivuruga katikati hadi pakabaki doa la kijivu, kama mtu aliyepangusa uji kwa kitambaa kichafu.

Sasa, hiyo haikuwa picha yake ya kwanza, hata kidogo. Mwaka 1956, akihitimu chuo huko Ujerumani Mashariki, alichora ukutani katika Deutsches Hygiene-Museum, jumba la makumbusho ya afya huko Dresden. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya Ukuta wa Berlin kujengwa, akakimbilia Magharibi. Picha za Dresden hakuzihesabu, na mchoro ule wa ukutani ukafunikwa kwa rangi mwaka 1979. Kwangu mimi hapo ndipo daftari hili linaponoga: limekaa kama leja ya mtunza ghala, kumbe mwenye mali ndiye aliyeamua hesabu ianzie wapi. Mkono ni ule ule, ila picha ya mwaka 1958 haina namba, na mnunuzi lazima atauliza kwa nini.