Kurudisha ea klina ya kiwandani: kinachorudishwa ni nini hasa?

Subaru iliyotumika Japani ikishushwa Dar es Salaam au Mombasa, mara nyingine ukifungua boneti hulikuti lile boksi jeusi la plastiki linalobeba chujio la hewa, yaani ea klina. Unakuta chujio jekundu lenye umbo la pia limekaa wazi pembeni ya injini, limeungwa na bomba la alumini linalong'aa. Mwenyewe wa kwanza alilifunga kwa ajili ya mlio na farasi wachache wa nguvu ya injini alioahidiwa. Miezi ikipita, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na fundi anasema: "Turudishe ya kiwandani." Wengi wakisikia hivyo wanafikiria chujio tu. Chujio ndiyo sehemu rahisi. Kinachorudishwa hasa ni mizani ya kupimia hewa.

Kwenye kifuniko cha boksi, au kwenye bomba linalotoka hapo, hukaa sensa ya hewa, ile ambayo gereji huiita ea flo. Ndani yake kuna kiwaya chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita hukipoza, na kadiri inavyopita nyingi ndivyo umeme mwingi zaidi unavyohitajika ili kisipoe. Kompyuta ya gari husoma umeme huo, ikajua injini imevuta hewa yenye uzito gani, kisha ikapima petroli ya kutosha: katika uendeshaji wa kawaida ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli.

Sasa, kiwaya hicho hakiguswi na hewa yote. Kinaonja kidogo tu, na kompyuta hukokotoa iliyobaki kwa kufuata upana wa bomba uliopangwa kiwandani. Muuza duka anaelewa jambo hili vizuri: mizani hurekebishwa pamoja na sinia lake, na ukibadilisha sinia kimyakimya, kila kilo utakayouza ni ya uongo. Kipenyo cha bomba kikiongezeka kwa asilimia 10, eneo la ndani linaongezeka kwa asilimia 21. Hewa ile ile itapita polepole zaidi mbele ya kiwaya, kompyuta itadhani imeingia hewa kidogo, na itamwaga petroli kidogo. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hugundua udanganyifu huo na kompyuta hujaribu kusahihisha. Marekebisho yakifika ukomo ndipo taa inawaka, na mashine ya kusoma makosa inaonyesha P0171, yaani mchanganyiko una petroli pungufu.

Haki isemwe: wapo watengenezaji wa mabomba hayo wanaobakiza kipenyo cha sensa kama kilivyokuwa, na gari lenye bomba lao halina shida hii. Lakini chujio la pia lililokaa wazi chini ya boneti lina ugomvi mwingine, nao ni joto. Boksi la kiwandani huvuta hewa kupitia mdomo ulio mbele, karibu na taa au ukingo wa boneti. Chujio lililo wazi, gari likikwama kwenye foleni, hunyonya hewa iliyokwisha kupikwa na injini. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Hao farasi walioahidiwa huishia hapo.

Kazi ya kurudisha huharibika zaidi kwenye kipande kati ya sensa na injini. Hewa yoyote inayopenya hapo imeingia bila kupita mizani. Mpira wa kiwandani wenye mikunjo huzeeka na kupasuka ndani ya mikunjo yenyewe, kwa hiyo ukunjue kwa mikono kabla ya kuufunga. Kuna kimpira cha pumzi kinachotoka kwenye kifuniko cha valvu. Bomba la alumini huenda lilikiacha kikining'inia au likakiziba, na sasa lazima kirudi mahali pake. Gari lenye tabo (feni inayosukumia injini hewa zaidi) lina pia mpira wa valvu inayoachia presha, nao ukikosa kurudishwa kwenye njia ya hewa, petroli inazidi kila unapoachia pedali ya mafuta. Dalili ya mpira uliosahaulika ni gari kutetemeka sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) au kuzima kwenye mataa, halafu likawa zuri kabisa barabarani. Injini ikiwa sailensi huvuta hewa kidogo, hivyo hata tundu dogo lina athari kubwa.

Sensa yenyewe ikaguliwe. Baadhi ya vyujio vya pamba hupakwa mafuta, na yakizidi huenda kuganda kwenye kile kiwaya. Isafishwe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Kitambaa au kidole kinaweza kukikata. Kisha futa kumbukumbu ya kompyuta, maana ilishazoea kusahihisha uongo wa bomba la zamani na itaendelea kuusahihisha hata baada ya uongo huo kuondoka.

Boksi limepotea? Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi utayaona yamepangwa, lakini usinunue kwa kufananisha sura. Linganisha aina ya injini, na pia namba iliyoandikwa kwenye sensa; boksi la gari lenye tabo na lisilo na tabo yanaweza kufanana kama mapacha. Uliza pia ile chemba tupu inayofichwa ndani ya madigadi. Watu huitupa wakidhani haina kazi, kumbe ndiyo inayomeza mvumo wa hewa, kwa kanuni ya chupa inayopulizwa mdomoni.

Honda nyingi za miaka ya 1990 hazina ea flo. Hupima presha ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa), kwa hiyo bomba pana haliwadanganyi sana. Huko boksi hurudishwa kwa sababu ya joto, kelele na vumbi.

Na vumbi ndilo la kupima mwisho, hasa kwa wa barabara za changarawe. Baada ya wiki moja fungua mpira baada ya chujio, pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi, kifuniko cha boksi hakijakaa sawa au kibanio kimoja kimevunjika.