Maana ya "toleo" katika Dungeons & Dragons

Katika ukurasa wa hakimiliki wa vitabu vyetu hukutana maneno mawili ambayo wengi huyachanganya: chapa na toleo. Chapa ya tatu maana yake mtambo umewashwa tena, karatasi mpya, maneno yaleyale. Toleo la tatu maana yake kuna mtu aliyekaa chini akaandika upya. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, toleo la pili likaja 2004 na la tatu 2013. Hata hivyo mwenye kamusi ya 1981 na mwenye ya 2013 wanaelewana bila shida, kwa sababu lugha ni ileile.

Katika Dungeons & Dragons neno toleo ni zito zaidi. Toleo jipya huleta kanuni mpya, na watu wawili walioujua mchezo kwa vitabu tofauti hawawezi kuanza kucheza pamoja mpaka wakubaliane. Ni kama mtu aliyehamia mtaa mwingine: kabla karata hazijagawiwa huuliza kwanza, "Hapa mnachezaje?"

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe uko hivi. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni msimulizi: anaeleza pango, mlango uliooza, harufu ya moshi, na anawachezesha mazimwi wote. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, awe mpiganaji, mchawi, mwizi au kasisi. Wanasema wanachotaka kufanya, na pale ambapo mambo yanaweza kwenda huku au kule, dadu hurushwa, mara nyingi ile ya pande 20. Kitabu ndicho kinachosema namba gani inatosha, jeraha lina uzito gani, na kitu gani kinampandisha mhusika ngazi. Hilo la mwisho ndilo nitakalokaa nalo zaidi, maana ndipo tofauti ya zamani na sasa inapoonekana waziwazi.

Kwanza hesabu ya matoleo, kwa sababu inawapoteza wengi. Mchezo ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa na kampuni ndogo ya TSR iliyokuwa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Ulikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 kwa kuanzia, na mizizi yake ilikuwa michezo ya vita inayochezwa kwa sanamu ndogo za askari. Kuanzia mwaka 1977 ukagawanyika mikondo miwili iliyokwenda sambamba: mmoja mwepesi, wa kuanzia, na mwingine mzito ulioitwa Advanced Dungeons & Dragons. "Toleo la pili" la mwaka 1989 ni la pili la ule mzito tu. Mwaka 2000 neno Advanced likaondolewa, lakini hesabu ikaendelea palepale: toleo la tatu. Ndiyo maana kijitabu chekundu cha mwaka 1981 kilichohaririwa na Tom Moldvay, ambacho wachezaji wengi wa mtindo wa zamani wanakiheshimu kuliko vyote, hakina namba katika hesabu hiyo. Baada ya hapo kukaja 3.5 mwaka 2003, la nne 2008, la tano 2014, na vitabu vilivyorekebishwa mwaka 2024 ambavyo mchapishaji hakuvipa namba mpya.

Sasa tuingie pangoni. Wahusika wanne wa ngazi ya kwanza wanachungulia chumba chenye goblini sita (vijizimwi vifupi vya pangoni) waliolala, na nyuma yao kuna sanduku la sarafu 1,200 za dhahabu. Chumba hikihiki tukicheze mara mbili.

Kwa kanuni za 1981, goblini mmoja akiuawa anawapa kikundi pointi 5 za uzoefu. Sita wanatoa 30, zikigawanywa kwa wanne ni saba na ushee kila mtu. Dhahabu nayo inatoa pointi moja kwa kila sarafu, mradi mmeitoa pangoni na kuifikisha salama. Sanduku lile peke yake ni pointi 300 kwa kila mmoja, na mpiganaji anahitaji 2,000 kufika ngazi ya pili. Angalia kinachotokea mezani. Hakuna anayechomoa upanga. Mwizi anavua viatu. Mwingine anauliza sanduku lina uzito gani, na msimulizi anapiga hesabu: sarafu kumi ni ratili moja, kwa hiyo ni zaidi ya kilo 50. Mnalibebaje bila kelele? Mna magunia? Nani anabaki mlangoni na taa? Nusu saa nzima inakwisha kwa minong'ono, na hakuna dadu iliyogusa meza.

Kwa kanuni za 2014, kila goblini ana thamani ya pointi 50. Sita ni 300, kila mhusika anapata 75, na kufika ngazi ya pili kunahitaji 300 tu, awe mpiganaji au mchawi. Sanduku halitoi hata pointi moja. Hapo kikundi kinapanga mashambulizi: nani aanze, mchawi asimame wapi, uchawi gani utawapata watatu kwa pigo moja. Nayo ni raha, tena raha kubwa, yenye mbinu zake. Ila ni mchezo mwingine, na wachezaji wenyewe hawakubadilika; kilichobadilika ni mistari michache ya kitabu. (Vikundi vingi siku hizi havihesabu pointi kabisa. Msimulizi huwapandisha ngazi hadithi inapofika kituo fulani, na kanuni za 2014 zinaruhusu hivyo.)

Uoga wa wale wa 1981 una sababu nyingine pia. Mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na pointi za uhai zilizopatikana kwa kurusha dadu ya pande nne mara moja, na pigo la goblini lilikuwa dadu ya pande sita. Pointi zikifika sifuri, umekufa, na unaandika mhusika mwingine. Uchawi wake ulikuwa mmoja kwa siku. Akiutumia saa tatu asubuhi, mpaka kesho anategemea kisu. Mchawi wa 2014 ana uchawi mdogo anaoweza kuutumia bila kikomo, na akifika sifuri anazimia tu: kila zamu yake anarusha dadu, 10 kwenda juu ni heri, chini yake ni shari. Heri tatu anatulia, shari tatu anakufa. Wenzake wana muda wa kumkimbilia. Kwa hiyo mhusika wa leo unaweza kumwandikia wazazi, kijiji, deni na kisasi kabla ya mchezo kuanza, kwa sababu kuna matumaini ataishi. Mhusika wa 1981 alipata historia yake baada ya kutoka pangoni mzima mara tatu au nne.

Nimewahi kusikia watu wakisema kanuni za zamani zilikuwa za vita zaidi na za leo ni za hadithi. Mimi naona ni kinyume. Kitabu cha 1981 kilimtaka msimulizi arushe dadu mbili kuona viumbe wanaokutana na wahusika wana hali gani: wakali, wana shaka, au hata marafiki. Goblini angeweza kuzungumza bei. Vita ndiyo ilikuwa dalili kwamba mpango umeharibika.

Jambo la pili linalowatenganisha watu ni hesabu ya kumpiga adui. Zamani deraya nzuri, yaani vazi la vita, ilikuwa na namba ndogo. Katika mkondo mzito asiye na deraya alikuwa 10, mwenye deraya ya minyororo 5, na wale wa kutisha walishuka chini ya sifuri. Toleo la 1989 likampa kila mhusika namba iitwayo THAC0, yaani namba anayohitaji kwenye dadu kumpata mwenye deraya sifuri. Sema yako ni 17 na adui ana 5. Unatoa 5 kwenye 17, unahitaji 12 au zaidi. Adui akiwa na hasi 2, unatoa hasi, na kutoa hasi ni kujumlisha, kwa hiyo 19. Saa nne usiku, watu wamechoka, hesabu hiyo ilikwama meza nyingi.

Toleo la 2000 liligeuza kila kitu kiende juu. Deraya ya minyororo ikawa 15. Ile THAC0 ya 17 ikawa nyongeza ya 3. Unarusha dadu, unaongeza 3, ukifika 15 umempata. Ukitazama vizuri bado unahitaji 12 kwenye dadu. Uwezekano haukusogea hata chembe. Kilichobadilika ni kazi ya kichwa, na kwa maoni yangu hili ndilo rekebisho safi kuliko yote yaliyowahi kufanywa katika mchezo huu. Hata wengi wanaoandika upya kanuni za zamani leo huweka njia zote mbili.

Toleo hubeba pia akili ya wakati wake. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kiliweka kikomo cha nguvu za mwili kwa wahusika wanawake, chini ya kile cha wanaume. Toleo la pili liliondoa hilo. Katika mkondo mwepesi wa 1981, elfi, kiumbe wa hadithi anayefanana na binadamu, ilikuwa kazi kama ilivyo mchawi au mwizi. Huwezi kuwa elfi kasisi. Mkondo mzito ulitenganisha asili na kazi, lakini ukawawekea wasio binadamu dari za ngazi, mpaka toleo la 2000 lilipozivunja. Mwaka 2024 vitabu viliacha neno la Kiingereza la mbari vikatumia spishi, na nyongeza za uwezo sasa hutokana na malezi ya mhusika, mathalani mkulima au baharia.

Kuhusu toleo la nne sitakaa sana. Lilimpa kila mhusika orodha ya mapigo yaliyopangwa kwa kadiri unavyoweza kuyatumia, likatoshea vizuri juu ya ubao wa miraba, na wengi wakalikataa. Lililo muhimu ni kwamba walipolikataa walikuwa na pa kwenda. Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR mwaka 1997, ilikuwa imetoa leseni huria pamoja na toleo la 2000, ikiruhusu wengine kuchapisha kwa kutumia kanuni zake. Kampuni ya Paizo ikachukua kanuni za 3.5, ikazirekebisha, na mwaka 2009 ikazitoa kwa jina la Pathfinder. Kwa leseni hiyohiyo watu wengine walirudi nyuma zaidi, wakaandika upya kanuni za miaka ya 1970 na 1980 kwa lugha iliyonyooka. Januari 2023 mchapishaji alitaka kubadili masharti ya leseni hiyo, wachezaji wakapinga kwa nguvu, na tarehe 27 mwezi huohuo kiini cha kanuni za toleo la tano kikawekwa chini ya Creative Commons, leseni huria inayotumiwa na watu wengi, ambako hakiwezi kurudishwa tena.

Kwa hiyo toleo la zamani haliishi kwa hisani ya aliyelitunga. Programu ya simu ikiacha kuhudumiwa inakufa mkononi mwako. Kanuni hizi ziko kwenye karatasi, na dadu ya pande 20 ya mwaka huu inarushwa vilevile.

Ukipata kitabu usichojua ni cha lini, fungua ukurasa wa deraya. Namba zikipungua kadiri deraya inavyokuwa nzito, ni cha kabla ya 2000. Ukikuta kinga, yaani namba za kuepuka madhara kama sumu au uchawi, zimepangwa makundi matano, mojawapo pumzi ya joka, ni cha kabla ya 2000 pia. Kinga tatu ni toleo la tatu au la nne. Kinga zikifuata uwezo sita wa mhusika, ni 2014 au 2024.

Na ukitaka kuendesha mkasa wa zamani kwa kanuni mpya, ramani na majina yaache yalivyo, badilisha namba za mazimwi kwa zile za kitabu chako, kisha shughulikia hazina. Hapo ndipo wengi hukosea. Dhahabu ilijazwa kwa wingi kwa sababu ndiyo iliyokuwa inapandisha ngazi, na madukani haikuwa na kazi kubwa: deraya ya mabamba mwaka 1981 iliuzwa sarafu 60. Katika kitabu cha 2014 ni 1,500. Lile sanduku la sarafu 1,200 ukiliacha lilivyo, wahusika wa ngazi ya kwanza watakuwa wamebakiza 300 tu kununua deraya ghali kuliko zote kitabuni. Mimi huacha robo yake, na kwenye nafasi iliyobaki naweka kitu kizito, kizuri, kisichouzika kirahisi, ili bado waulizane watakibebaje bila kuwaamsha goblini.