Ruzuku ya mabasi ya umeme: fedha za umma hulipia nini, na kwa nini masharti ni mengi

Malalamiko kuhusu mabasi ya umeme yanayonunuliwa kwa fedha za umma yameongezeka, na mengi ya yale yanayotufikia sisi tunaopitia maombi ya ruzuku hurudia mambo matatu: kwamba waendesha mabasi wanagawiwa magari bure, kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kupunguza nauli, na kwamba mabasi mapya yanaonekana yameegeshwa karakanani kwa miezi bila kubeba abiria. Hatuna shaka na nia ya wanaolalamika, kwa kuwa fedha ni zao na moshi wa dizeli wanauvuta wao. Hata hivyo, malalamiko mawili ya mwanzo yanatokana na kutofahamu ruzuku hutolewaje, na la tatu, ambalo lina msingi wa kweli, mara nyingi huelekezwa kwa mtu asiyehusika.

Ruzuku si zawadi. Nchini Uingereza, katika mpango wa mabasi yasiyotoa moshi uliozinduliwa mwaka 2021, serikali ilikubali kulipia hadi asilimia 75 ya tofauti ya bei kati ya basi lisilotoa moshi na basi la dizeli la ukubwa ule ule. Bei ambayo mwendeshaji angelipa kwa basi la dizeli ilibaki kuwa mzigo wake mwenyewe, pamoja na robo ya tofauti hiyo. Marekani hutumia hesabu nyingine. Huko serikali ya shirikisho huweza kulipia hadi asilimia 85 ya gharama ya basi na hadi asilimia 90 ya vifaa na majengo yanayohusiana nalo, lakini waombaji ni majimbo, mamlaka za mitaa na mamlaka za watu wa asili, na kila mmoja lazima aoneshe fedha zake za kukamilisha kiasi kilichobaki kabla ya mkataba kutiwa saini. Katika njia zote mbili mpokeaji anaweka fedha yake, na anayedai kwamba basi limetolewa bure hajausoma mkataba.

Kuhusu nauli, jambo hili limeelezwa mara nyingi na inatubidi kulieleza tena. Fedha za kununua basi huidhinishwa kama fedha za maendeleo, zinazolipwa mara moja kwa mali itakayodumu miaka mingi, ilhali kupunguza nauli ni matumizi ya kawaida yanayojirudia kila siku basi linapotembea. Ofisa anayehamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine bila idhini anavunja sheria ya bajeti, hata kama nia yake ni kumsaidia abiria. Anayetaka nauli ishuke ana haki ya kudai hivyo, na mahali pa kudai ni katika mjadala wa bajeti ya uendeshaji.

Sasa tuje kwenye maombi yenyewe, ambako wengi hushangaa kuona kazi inachukua muda mrefu kuliko kununua gari. Nchini Marekani, tangu sheria ya miundombinu ya mwaka 2021, anayeomba fedha za mabasi yasiyotoa moshi hulazimika kuambatisha mpango wa kubadilisha mabasi yake yote, wenye sehemu sita: jinsi mabasi yatakavyobadilishwa kwa miaka ijayo, fedha zilizopo na zinazotarajiwa, sera na sheria zinazohusika, hali ya karakana, ushirikiano na shirika linalosambaza umeme au nishati nyingine, na athari kwa wafanyakazi. Sehemu hiyo ya mwisho si ya kujaza karatasi. Fundi aliyefanya kazi kwenye injini za dizeli kwa miaka 20 hawezi kufungua mfumo wa umeme wenye volti mia kadhaa bila mafunzo na glavu maalumu, na ndiyo maana katika mpango huo asilimia 5 ya fedha za mabasi yasiyotoa moshi hutengwa kwa mafunzo, isipokuwa mwombaji aoneshe kwamba anahitaji kiasi kidogo zaidi. Sehemu inayoangusha maombi ni ile ya umeme, na hapo ndipo lilipo jibu la mabasi yaliyoegeshwa.

Chukua karakana yenye mabasi 100, kila moja likiwa na betri ya kilowati-saa 350 inayotakiwa kujazwa kwa saa sita za usiku. Kila basi litavuta takriban kilowati 60, na yote kwa pamoja yatavuta karibu megawati 6. Karakana iliyojengwa kwa ajili ya dizeli ilihitaji umeme wa taa, pampu na mashine za mafundi tu, kwa hiyo laini mpya lazima ivutwe, transfoma zinunuliwe, na wakati mwingine kituo kidogo cha kupozea umeme kijengwe. Kiwanda kinaweza kukabidhi mabasi kabla kazi hiyo haijaisha. Mwendeshaji aliyeagiza mabasi kwanza na kuomba umeme baadaye ndiye anayeishia na magari mapya yaliyofunikwa vumbi, na wananchi wanaolalamika katika hali hiyo wana haki kabisa. Kosa lao ni kumlaumu dereva au kiwanda, wakati lawama ni ya mpango uliopitishwa bila barua ya shirika la umeme inayotaja tarehe ya kuunganishwa. Kwa upande wetu, ombi lisilo na barua hiyo lingerudishwa bila kusomwa zaidi, na ninasema hivyo nikijua kwamba msimamo huu hauwafurahishi waombaji.

Wapo wanaouliza kwa nini fedha isilipwe yote siku basi linapofika. Jibu lipo China, nchi iliyotoa ruzuku kubwa kuliko nyingine kwa mabasi ya umeme. Mji wa Shenzhen ulikamilisha kubadilisha mabasi yake yote ya mjini, zaidi ya 16,000, kufikia mwisho wa mwaka 2017, na ruzuku ya serikali kuu na ya mji ilikuwa nguzo ya kazi hiyo. Lakini mwaka 2016 wizara ya fedha ya nchi hiyo ilitangaza kwamba kampuni tano zilikuwa zimejipatia au kujaribu kujipatia zaidi ya yuani bilioni 1 za ruzuku kwa udanganyifu, baadhi kwa kudai malipo ya magari ambayo hayakuwa yamekamilika. Baada ya hapo masharti yalikazwa, na magari mengi yasiyo ya watu binafsi yakatakiwa kutembea kilomita 30,000 kabla ruzuku yake haijaombwa, kiwango ambacho baadaye kilishushwa hadi 20,000. Malipo yanayofuata kilomita yanamsumbua mwendeshaji mwenye mtaji mdogo, hilo tunalikubali, lakini yanahakikisha kwamba umma umelipia safari zilizofanyika.

Sharti linaloleta hasira kuliko yote ni la kuharibu basi la zamani. Katika mpango wa Marekani wa kupunguza moshi wa dizeli, injini inayobadilishwa hutobolewa tundu la inchi 3 kwenye bloki, fremu ya gari hukatwa, na picha za ushahidi huwasilishwa pamoja na namba ya injini. Tumeandikiwa mara kadhaa kwamba kuharibu injini inayowaka ni ufujaji. Sivyo. Basi hilo likiuzwa, litakwenda kutoa moshi ule ule katika mtaa mwingine, na mara nyingi ni mtaa wenye watu maskini zaidi, hivyo fedha ya umma itakuwa imehamisha ugonjwa badala ya kuupunguza. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2012, na hatuoni namna ya kumweleza mzazi kwamba moshi ulioondolewa kwa mtoto mmoja ulipelekwa kwa mwingine kwa hati halali ya mauzo.

Basi jipya nalo lina kifungo chake. Basi kubwa la mjini lililonunuliwa kwa fedha za shirikisho nchini Marekani hutakiwa kutumika angalau miaka 12 au maili 500,000, sawa na takriban kilomita 800,000. Likiondolewa barabarani kabla ya muda huo, au likitumiwa kwa kazi isiyo ya usafiri wa umma, serikali inadai sehemu yake katika thamani iliyobaki. Kwa hesabu ya kugawanya thamani sawasawa kwa miaka, basi lililoondolewa baada ya miaka 4 lina theluthi mbili za thamani, na kama ruzuku ilikuwa asilimia 85, mpokeaji anaweza kutakiwa kurejesha asilimia 85 ya theluthi mbili hizo. Ndiyo maana mabasi haya hayakodishwi kwa harusi wala kwa misafara ya kampeni, na wanaotukasirikia kwa kukataa maombi hayo wangekuwa wa kwanza kulalamika mkaguzi anapodai fedha.

Fedha peke yake haitoshi bila tarehe zinazojulikana mapema. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2018 kanuni inayotaka ununuzi wote mpya wa mabasi ya umma uwe wa yasiyotoa moshi kuanzia mwaka 2029, na Umoja wa Ulaya umeamua mwaka 2024 kwamba asilimia 90 ya mabasi mapya ya mjini yawe ya aina hiyo kufikia 2030 na yote kufikia 2035. Miaka hiyo inaonekana mbali kwa abiria, lakini kwa mhandisi anayepanga laini ya umeme ni karibu sana.

Anayeona basi la ruzuku limeegeshwa au linatumika isivyostahili, aandike namba iliyo ubavuni mwa basi, jina la mwendeshaji, mahali, tarehe na saa, na kama limeegeshwa, aeleze amekuwa akiliona hapo kwa muda gani. Malalamiko yenye namba ya basi huweza kulinganishwa na mkataba na kumbukumbu za kilomita. Yasiyo na namba huishia kuwa barua ya jumla ambayo mkaguzi hana pa kuanzia nayo.